Mwanangu Anamwambia Nesi Asiyoniambia Mimi

Kwako mshauri wetu wa redioni, shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye niliyekuzidi basi pokea salamu tu, hatutagombana kwa hilo. Nakusikiliza kila Alhamisi mchana nikiwa wodini, sikio moja nimelitia waya wa simu na jingine namwachia mtoto, na leo nimeamua na mimi nikuandikie maana watu wa kuwaambia wameniishia. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo ukiona nimeanza jambo nikarukia jingine nivumilie, ndivyo kichwa changu kilivyo siku hizi.

Mimi ni dobi, nafua na kupiga pasi nguo za watu, na nina mtoto mmoja wa kike niliyempata nikiwa nimeshakata tamaa ya kuitwa mama. Tunamwita Bi Maswali kwa sababu tangu ajue kusema hajawahi kukubali jambo bila kuuliza kwa nini, aliwahi kumuuliza daktari wa mifupa kama na yeye ana mifupa, daktari akacheka mpaka akavua miwani. Alianza kulalamikia goti, nikasema ni kuruka kamba, nikamkanda kwa maji ya moto, kumbe ni uvimbe wa mfupa, ule mbaya, wakaukata mguu, wakampa zile dawa zinazonyonyoa nywele, tukapumua kidogo, halafu ukaonekana kifuani. Daktari alituita mimi na baba yake kwenye chumba chenye viti vya plastiki akatuambia dawa ya kuuondoa haipo tena, kilichobaki ni kumsaidia mtoto asiumie na aishi vizuri siku alizonazo. Baba yake akauliza, "Kwa hiyo tunafanyaje?" kama mtu ambaye hakusikia, daktari akarudia yale yale pole pole, na mume wangu akatazama saa yake. Kesho yake akarudi kazini, yuko na wale wanaojenga barabara, wanalala kambini huko mbali. Simlaumu, ukiiacha kazi ile inashikwa na mwingine, lakini akipiga simu anauliza, "Anaendeleaje?" nami nasema, "Hajambo," halafu tunanyamaza wote wawili tunasikilizana kupumua mpaka salio linakatika.

Majirani mwanzoni walikuja kwa zamu, sasa wanatuma salamu. Wengine nikikutana nao getini wanaharakisha utadhani ugonjwa huu unaambukiza kwa kupeana mkono. Humu wodini wenzangu wanaingia na watoto wa nimonia na wa kuvunjika mikono, wanakaa, watoto wanapona, wanakusanya mabeseni yao na kuniambia, "Haya Mama wa Dirishani, Mungu yupo," ndilo jina langu hapa kwa ajili ya kitanda chetu, nami nabaki kupokea wengine, nimekuwa kama mama mwenye nyumba na wapangaji wake. Nikitaka kulia naenda chooni, nikirudi mtoto ananitazama macho nasema ni vumbi.

Sasa mshauri, tangu siku ya vile viti vya plastiki nilitoa amri kwa kila mtu, asitamke mtu neno baya mbele ya mtoto. Wifi yangu aliniunga mkono, akasema maneno huumba, ukilitaja jambo umeliita. Mtoto akiniuliza, "Mama, tunarudi lini nyumbani?" namwambia, "Ukinenepa kidogo tu." Basi amekuwa anakula kwa kujilazimisha, anameza huku machozi yanamlenga, anatapika, anaomba tena sahani. Mimi nikaona hiyo ni nguvu.

Ndipo walipokuja manesi wa mafunzo. Si wanafunzi, ni manesi kamili wenye kazi zao, wametolewa hospitali mbalimbali waje waongezewe ujuzi wa kuwatunza watoto ambao ugonjwa wao hautapona, wanaiita tiba shufaa. Mkufunzi wao, mama mmoja mnene mwenye viatu vya mpira, alitueleza kwamba ni kumtunza mgonjwa asiumie mwilini wala rohoni, na sisi jamaa zake tusiachwe. Kila nesi akapewa mtoto mmoja wa kufuatana naye mpaka mafunzo yaishe. Wetu ni binti mwembamba mwenye sauti ndogo, moyoni nikampa jina la Kimya. Na huyu Kimya, mshauri, siku nyingine alikuja na trei ya dawa kama manesi wote, lakini siku nyingine alikuja mikono mitupu, anavuta kigoda, anakaa.

Nikamwambia, "Nesi, hapa si kibarazani."

"Najua mama. Leo nimekuja kukaa naye tu."

"Kukaa nako ni kazi?"

"Ndiyo tunayofundishwa mama. Mtoto akiniona na trei kila siku atajua mimi ni sindano tu."

Mama Pacha wa kitanda cha jirani akadakia, "Jamani na mimi niandikeni kazi hiyo, nimekaa hapa wiki nzima sijaona mshahara!" Wodi nzima ikacheka, hata yule nesi akacheka, mwanangu pia akacheka, na nadhani hapo ndipo walipoanza kupatana. Wakawa wanachora. Wakawa wananyamaza pamoja. Mimi nikawa natumwa maji.

Ana kadi yenye sura zilizochorwa, ya kwanza inacheka, zinazofuata zinazidi kununa, ya mwisho inabubujika machozi. Mtoto anaweka kidole kwenye sura inayolingana na maumivu yake, na kipimo cha dawa kinatazamwa kwa hilo. Mwanangu kila akiulizwa anaweka kidole kwenye inayocheka. Nami nampigia makofi, namwambia, "Huyo ndiye shujaa wangu, mtoto wa dobi halii." Nilimzoesha hivyo tangu enzi za sindano za kwanza, akikaza meno namsifu. Tena nilifurahi mara mbili kwa sababu ile dawa ya maji ya maumivu naiogopa, nilisikia kwa watu kwamba ukiona mtu kaanza kupewa ile ndiyo wanamsindikiza.

Siku moja nilitoka kwenda bombani nyuma ya wodi kufua nguo zake, nikasahau sabuni, nikarudi. Pazia la kitanda lilikuwa limefungwa. Nikamsikia nesi anauliza, "Na leo ni sura gani?"

Mwanangu akasema, "Hii." Kisha akasema, "Lakini mama akiwepo ni ile."

"Kwa nini mama akiwepo ni ile?"

"Nikisema hii mama hali chakula."

Nikasikia nesi anasogeza kigoda. Halafu mwanangu akauliza, kwa sauti ile ile anayoulizia mambo ya jua na mvua, "Nikifa, mama atakaa na nani? Baba hayupo. Na mama anaogopa mijusi, mimi ndiye huwa naifukuza."

Mshauri, nilingoja nesi aseme hutakufa. Hakusema. Alisema, "Hilo umekuwa ukiliwaza peke yako?" Mwanangu akajibu, "Eeh. Muda mrefu."

Sijui miguu ilinifikishaje. Nililivuta pazia mpaka vikulabu vikakatika, mikono inanichuruzika maji, nikamwambia yule binti, "Nani amekutuma umwambie mwanangu anakufa?"

"Sijamwambia, mama. Ameniuliza."

"Akikuuliza si umkanushie! Wewe umezaa? Huna hata mtoto wa kumtuma kiberiti unakuja kunifundishia wangu!"

Akasimama, akasema, "Samahani mama," akatoka. Mama Pacha akasema, "Umefanya vizuri, huyo nesi ana uchuro, mfukuze kabisa." Kesho yake mapacha wakaruhusiwa akaondoka zake, ushauri kaniachia mimi.

Nikasema sasa tutarudi kama zamani. Hatukurudi. Mwanangu siku ile aligeukia ukutani, na tangu hapo swali haulizi hata moja. Ukimwamkia anaitika, ukimwambia kunywa maji anakunywa, ukimpa kadi ile anaweka kidole kwenye sura inayocheka, akiwa nami au bila mimi, kwa nesi yeyote. Na asubuhi moja nilipokuwa nabadilisha shuka nikaona pindo limetafunwa, nikadhani panya, nikaenda kumfokea mfagizi kwamba wodi ina panya. Nikaifua ile shuka, nilipoianika juani ndipo nikaona. Ni alama za meno madogo, zimejipanga, na katikati pana nafasi. Mwanangu ameng'oka jino la mbele. Nikaificha ile shuka chini ya begi. Asubuhi nyingine nikakuta nyingine hivyo hivyo. Sijamwambia mtu, wewe ndiye wa kwanza.

Mkufunzi alinifuata bombani, hakunigombeza, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Akasema, "Mama, nesi nitamwondoa ukitaka. Mtoto ni wako."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo yeye hana kosa?"

"Nimemfundisha mimi. Mtoto akiuliza hatumdanganyi, asipouliza hatumlazimishi. Kama ni kosa, nigombeze mimi." Akanisaidia kukamua shuka, akaondoka. Yule binti sasa hapiti upande wetu, anasubiri neno langu, nikisema aondoke atapangiwa mtoto mwingine. Namwona mlangoni anachungulia, anatazama kitanda chetu, anaondoka. Nilimuuliza baba mtoto kwa simu akasema, "Fanya unavyoona," tukanyamaza kama kawaida yetu.

Naomba unisaidie mshauri, nimwondoe au nimwache? Nikimwacha si ndiyo nimekubali mwanangu anakufa? Nikimwondoa nani atamtoa ukutani? Na nitakueleza lingine ambalo hata kuliandika naona aibu, kinachoniuma zaidi si lile neno kifo, ni kwamba alimwambia yeye. Nimemzaa, nimemuogesha, najua kila kovu lake, halafu jambo zito kuliko yote moyoni mwake alimpa mtu aliyekuja na kigoda. Nipo naye mchana kutwa, mkono wangu uko juu ya mgongo wake, na sijawahi kuwa peke yangu namna hii.

Ni mimi, Mama wa Dirishani.

JIBU LA MSHAURI

Mama wa Dirishani, marahaba, nimeipokea, habari za umri wangu tuziache hapo. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nililia na mara ya pili nilikasirika, kwa hiyo nakujibu nikiwa na vyote viwili.

Umeuliza umwondoe nesi au umwache. Mwache. Hilo limekwisha, sasa tuzungumze.

Lakini kabla ya mazungumzo, lipo moja lisilosubiri. Zile shuka ulizoficha chini ya begi, zitoe, mpelekee sista wa zamu, mwambie, "Mwanangu anauma nguo kwa maumivu na anasema haumwi." Usimalize kunisikiliza mimi kwanza. Mtoto wako anateseka ukiwa unajua, mama, na hapo nakugombeza bila kupepesa macho. Ile dawa unayoiogopa, nilimuuliza nesi mmoja ambaye ni rafiki yangu. Amesema daktari huipima kulingana na mtoto na maumivu yake, na mtoto aliyepunguziwa maumivu ndiye anayepata nafasi ya kulala, kuchora, hata kubishana na wewe. Watu wanaona mtu kapewa dawa, kisha kafariki, wanailaumu dawa. Ugonjwa wanausahau. Kama una hofu zaidi, muulize daktari wenu, usimuulize aliyekwisha kuruhusiwa na mapacha wake.

Sasa tuje kwa nesi. Unasema kamwambia mwanao kwamba anakufa. Hakumwambia, na umesimama nyuma ya pazia ukasikia kwamba hakumwambia. Mtoto mwenye akili kama huyo, mguu umekwenda, nywele zimekwenda, baba kaenda, mama anatoka chooni na vumbi la kila siku katika wodi inayopigwa deki kila siku, ulidhani atafikiri nini? Alijua. Alichokosa ni mtu wa kujua naye. Na wewe ulipolivuta lile pazia, najua ulikuwa unamgombeza nesi, lakini aliyegombezwa ni nani? Aliyeuliza. Ndiyo maana hakuulizi tena.

Wifi yako anasema maneno huumba. Sawa. Maneno matamu umeyasema miezi yote hii, utanenepa, tutarudi nyumbani. Mbona hayakuumba? Yalichofanya ni kumfanya mtoto mgonjwa ale mpaka atapike. Leo liondoe sharti hilo. Mwambie ale anachoweza na aache anachoshindwa, na hakuna anayempima.

Wivu wako nauelewa, wala usiuonee aibu, ni wivu wa mwenye mali. Lakini tazama vizuri alichokuwa anamwambia yule nesi. Hakulalamikia mguu wala kifua. Alikuwa anakuwazia wewe, nani atakaa na mama. Hilo angekuambiaje wewe uso kwa uso, wakati akionyesha tu sura iliyonuna mama hali? Anakulinda, mama. Mtoto mdogo hivyo amebeba ugonjwa wake na akakubeba na wewe juu yake. Shuka mgongoni mwake, dada yangu. Si kwa kujikaza, kujikaza ndiko kulikotufikisha hapa. Lia mbele yake kidogo, aone kwamba mtu analia na hafi kwa kulia. Kisha ule, mbele yake, sahani yako mwenyewe, mpaka uimalize.

Yule binti muite wewe mwenyewe, usimtume mtu. Muombe radhi pale kitandani, mtoto akisikia, ili ajue kwamba kusema halikuwa kosa. Usijieleze sana. "Nilikasirika kwa sababu niliogopa, nesi, nisamehe" inatosha. Na umwambie unataka kukaa naye anapofanya ile kazi mliyoicheka, akufundishe. Wamekuja kujifunza kuwatunza wagonjwa pamoja na mama zao, basi mpe na mama wa kujifunzia. Hata yeye anaihitaji radhi hiyo, ulimsimanga kwamba hajazaa, na hujui anarudi kwenye nyumba gani.

Mtoto akija kukuuliza, "Mama, nitakufa?" usikimbilie kukataa wala usimmwagie yote kama maji ya beseni. Muulize, "Wewe unawaza nini?" Msikilize. Anachouliza ndicho umjibu, kwa kipimo hicho hicho, ukishindwa mwambie, "Sijui, lakini sitakuacha." Na ukimya ukizidi, muite nesi.

Bado kuna swali ambalo nesi hawezi kukujibia, wala mimi. Mwanao anataka kujua utakaa na nani. Hilo halijibiwi kwa kumbembeleza, linataka watu. Kwa hiyo mpigie mumeo leo. Akikuuliza anaendeleaje, usiseme hajambo. Mwambie, "Mtoto wetu anakufa, na mimi niko peke yangu hapa. Njoo." Neno njoo hujawahi kumwambia, nimelitafuta katika barua yote sikuliona, umesema tu humlaumu. Akisema kazi itachukuliwa, mwambie ichukuliwe. Wifi yako naye mpigie, mwambie maneno yake ameyasema, sasa alete miguu. Na jirani mmoja, yule unayedhani anakukimbia, mshike mkono pale getini na usiuachie, wengine wanatukimbia kwa kutojua tu waseme nini.

Ukishapata majina, hata mawili, keti kwenye kile kigoda. Mwambie mwanao, "Uliuliza nitakaa na nani. Nilisikia. Nitakaa na baba yako, na shangazi yako atakuwa anakuja. Nitalia sana. Nitafua nguo za watu huku nalia. Na nitakula."

Halafu unyamaze, umwachie yeye aseme.